Kabla ya kununua pompe kubwa, angalia tuyo



Mwezi huu ukurasa wetu wa kazi za mikono unasema na vijana, lakini wazazi nao wasikie, maana mara nyingi pesa inatoka mfukoni mwao. Tutazungumza juu ya akwariumu, lile sanduku la vioo la kufugia samaki sebuleni. Na katika akwariumu tutaangalia kitu kimoja hasa: ile tuyo inayorudisha maji juu. Inapaswa kuwa na upana gani?

Labda utacheka na kusema: "Pasta, tuyo ni tuyo, maji itapita tu." Ni kweli, ndugu yangu, itapita. Lakini itapita ngapi? Hapo ndipo shida inapoanzia. Kuko vijana waliouza akwariumu nzuri, vioo safi, taa inang'aa, na baada ya majuma machache wakaitwa kwa ukali: "Mukuye mubebe kintu yenu, samaki yote imekufa!" Jina la fundi likaharibika mu mutaa muzima. Wengine walisema pompe ni mbaya, wengine wakasema samaki walikuwa wagonjwa. Kumbe kosa lilikuwa katika tuyo nyembamba ya bei ndogo.

VYOMBO VIWILI, MZUNGUKO MMOJA

Akwariumu tunayosema hapa ina vyombo viwili. Chombo cha juu ni cha samaki, ndicho wageni wanachokiangalia. Chombo cha chini kimefichwa ndani ya kabati. Humo munawekwa sponji, mawe madogo ya kuchuja, na pompe. Maji yanashuka yenyewe kutoka juu kwa tuyo ya kushusha, yanapita katika chujio, halafu pompe inayasukuma tena juu kwa tuyo ya kupandisha. Yanazunguka hivyo usiku na mchana.

Kwa nini yazunguke? Kwa sababu samaki anachafua maji anamoishi. Choo chake, na chakula kinachooza, vinatoa sumu iitwayo amonia. Ndani ya chujio kuko bakteria, viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Wao wanaigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, halafu nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia zaidi. Bakteria hao wanahitaji maji yenye oksijeni yapite kwao bila kukoma. Maji yakipita kidogo, kazi yao inapungua, na sumu inabaki juu pamoja na samaki.

Kwetu jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu samaki wa rangi nzuri tulio nao karibu ni wale wa ziwa Tanganyika. Kongo inaligawana ziwa lile na Tanzania, Burundi na Zambia, na kina chake kinafika karibu metri 1,470. Samaki wake wadogo wanafugwa katika nyumba za watu mpaka Ulaya na Marekani. Kuko hata aina zinazoishi na kuzaa ndani ya maganda ya konokono, kila mmoja na nyumba yake. Lakini maji ya ziwa lile yana pH ya karibu 9, na katika maji ya namna ile amonia inakuwa kali zaidi kuliko katika maji ya mito yetu mingi. Kwa hiyo anayefuga samaki wa Tanganyika asicheze na mzunguko wa maji.

Tuchukue akwariumu ya litri 250. Kipimo kizuri ni maji yake yazunguke mara nne hivi kwa saa. Mara nne kwa 250 ni litri 1,000 kwa saa. Tushike hesabu hiyo, tutaitumia.

NAMBA YA KWENYE KATONI

Kijana anaingia dukani, anaona katoni ya pompe imeandikwa litri 2,500 kwa saa. Anafurahi: "Mi natafuta 1,000, hii iko na 2,500, itabakia hata!" Analipa, anarudi nyumbani. Anapounga tuyo, maji yanatoka kama ya mtoto anayekojoa.

Je, muuzaji alimdanganya? Hapana. Namba ile ilipimwa wakati pompe haipandishi maji popote, bila tuyo, bila kona. Soma katoni tena. Utaona namba nyingine, mara nyingi imeandikwa H max, kwa mfano metri 2 na nusu. Maana yake ni hii: ukitaka maji yafike metri 2 na nusu juu, pompe itavuma, itakula umeme, lakini hata tone halitatoka. Kati ya namba hizi mbili, kadiri unavyopanda, maji yanapungua.

Tena kuko kupanda kwa namna mbili. Kwa kwanza kunaonekana: ni urefu kutoka uso wa maji ya chini mpaka uso wa maji ya juu. Unaupima kwa metri ya fundi. Kwa pili hakuonekani: ni nguvu inayopotea maji yanaposuguana na ukuta wa tuyo na yanapogeuka kwenye kona. Kwa pompe, kusuguana huko ni sawasawa na kuongezewa urefu. Wengi wanahesabu urefu unaoonekana, wanasahau ule usioonekana.

HESABU YENYEWE

Tutumie pompe ileile ya litri 2,500 na metri 2 na nusu, na tuseme nguvu yake inapungua taratibu kadiri inavyopanda. Urefu unaoonekana uwe metri 1 na sentimetri 20. Tuyo iwe na urefu wa metri 2 na kona tatu. Sasa tubadilishe tuyo tu, tuone maji yatakayofika juu kwa saa moja:

– Mpira wa bustani wenye tundu la milimetri 13: karibu litri 600.
– Tuyo ya PVC ya milimetri 20, ambayo tundu lake ni 16 hivi: karibu litri 800.
– Tuyo ya milimetri 25, tundu 21 hivi: karibu litri 1,050.
– Tuyo ya milimetri 32, tundu 28 hivi: karibu litri 1,200.

Angalia vizuri. Pompe ni ileile. Umeme unaotumika ni karibu uleule. Lakini mwenye mpira wa bustani anapata nusu ya mwenye tuyo ya 32. Nasi tulikuwa tunatafuta litri 1,000. Basi tuyo ya 25 inatosha, na ile ya 20 haitoshi.

Sababu yake ni nini? Maji mengi yakilazimishwa kupita katika njia nyembamba yanakimbia sana, na mwendo ukiongezeka kusuguana kunaongezeka kwa ukali zaidi. Ukilazimisha wingi uleule wa maji katika tundu la nusu ya upana, kusuguana kunazidi zaidi ya mara 25. Ndiyo maana milimetri tano ambazo jicho halizijali zinaleta tofauti kubwa.

Kwa akwariumu ya nyumbani, mwendo unaofaa ni maji yatembee karibu metri moja kwa sekunde ndani ya tuyo. Ukifuata hiyo unapata kanuni rahisi ya kushika kichwani:

– Mpaka litri 700 kwa saa: tuyo ya 20.
– Mpaka litri 1,200 kwa saa: tuyo ya 25.
– Mpaka litri 2,200 kwa saa: tuyo ya 32.
– Mpaka litri 3,600 kwa saa: tuyo ya 40.

Anza na wingi wa maji unaoutaka, halafu chagua tuyo, halafu tafuta pompe. Wengi wanaanza na pompe, wanachukua tuyo iliyobaki kwenye depo, na mwisho wanawahesabia samaki waliokufa.

MIDOMO, TUNDU NA KONA

Mdomo wa pompe usikudanganye. Pompe nyingi ndogo zina mdomo mwembamba, na kijana anafikiri ni lazima tuyo nayo iwe na upana uleule. Si lazima. Weka kiungo cha kupanua pale pale kwenye mdomo, halafu endelea na tuyo pana mpaka juu. Sehemu nyembamba ya sentimetri tatu inakula kidogo. Sehemu nyembamba ya metri mbili ndiyo inakula mingi.

Unapoenda dukani beba rula. Tuyo ngumu ya PVC ya kunata kwa kole inaitwa kwa upana wake wa nje, lakini mpira laini kwa kawaida unaitwa kwa upana wa tundu lake. Mpira wa 20 na PVC ya 20 si kitu kimoja. Pima tundu, maana maji yanapita ndani, hayapiti juu ya ukuta.

Punguza kona. Katika tuyo kama hizi, kona moja kali inakula nguvu sawa na zaidi ya nusu metri ya tuyo iliyonyoka. Ukiweza, tumia kona mbili za kulala badala ya moja kali, au mpira mgumu unaopinda taratibu. Vane ya kupunguza maji, ukiihitaji, iwekwe baada ya pompe, isiwekwe kamwe mbele ya mdomo wa kuvutia. Pompe inayonyimwa maji inaharibika upesi.

Je, tuchukue basi tuyo pana kabisa, ya 50, tumalize maneno? Hapana vile. Toka 25 kwenda 32 katika mfano wetu tulipata litri 150 tu, na toka 32 kwenda 50 tungepata chache zaidi. Viungo vipana ni ghali, vinajaza kabati, na maji yanayotembea polepole mno yanaacha uchafu ndani ya tuyo. Mara nyingi hatua moja kupita mdomo wa pompe inatosha, au mbili kama njia ni ndefu.

VIJANA WA CHORALE NA PESA YA LIKELEMBA

Vijana watatu wa chorale moja walitengeneza akwariumu kwa jamaa fulani. Maji yalikuwa yanazunguka kidogo, na samaki wakapanda kuhema juu ya uso wa maji. Baba wa nyumba akasema: "Hii pompe ni ya bule, muuzaji alibadanganya." Vijana wakakubaliana kuvunja likelemba yao, pesa ya miezi mingi, wanunue pompe ya ukubwa mara mbili. Mmoja wao alikuwa ameweka pesa ile kwa ajili ya masomo ya mdogo wake.

Mzee mmoja wa kanisa, aliyefanya kazi ya matuyo mgodini mpaka kustaafu, akawaambia: "Batoto, mbele ya kununua, munionyeshe tuyo." Akafungua kabati. Akakuta mpira wa bustani wa milimetri 13, umepinda mara tano, na mlango wa kabati unaubana kila unapofungwa. Hakuongea mengi. Aliwatuma kuleta tuyo ya 25 na kona mbili.

Walipima kwa ndoo ya litri 10. Mbele, ndoo ilijaa kwa sekunde 75, maana yake litri 480 kwa saa. Baada ya kubadilisha, ilijaa kwa sekunde 34, maana yake karibu litri 1,060. Pompe ilikuwa ileile iliyotukanwa. Likelemba ikabaki, na mdogo wa yule kijana akalipiwa shule.

Wewe pia unaweza kupima hivyo. Elekeza mdomo wa juu ndani ya ndoo, pale pale kwenye kimo chake, hesabu sekunde, halafu gawanya 36,000 kwa sekunde hizo. Jibu ni litri kwa saa, kama ndoo yako ni ya litri 10.

Bwana wetu alisema, katika Luka 14, juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: anapaswa kukaa kwanza na kuhesabu gharama, asije akachekwa na wapita njia. Neno lile linasema juu ya kumfuata Yeye, na hilo ni kubwa kuliko akwariumu. Lakini mtu asiyejizoeza kukaa na kuhesabu katika mambo madogo atajifunzia wapi kuhesabu katika makubwa?

TUYO YA KUSHUSHA IWE PANA ZAIDI

Tuyo ya kupandisha ina pompe ya kuisukuma. Tuyo ya kushusha haina kitu ila uzito wa maji yenyewe. Kwa hiyo iwe pana kuliko ile ya kupandisha. Kama unapandisha kwa 25, shusha kwa 40 au zaidi, na weka kizuizi cha matundu juu yake ili konokono au jani lisiingie.

Wazee wa zamani walijua jambo hili. Kule Yerusalemu kuko handaki la maji linalojulikana kwa jina la mfalme Hezekia, lililochongwa katika mwamba. Lina urefu wa metri 533, na tofauti ya kimo kati ya mwanzo na mwisho ni sentimetri 30 hivi. Mteremko ni mdogo sana, lakini njia ni pana hata mtu anapita ndani yake kwa miguu, na maji yanashuka humo mpaka leo. Penye mteremko mdogo, fungua njia.

UMEME UKIKATIKA

Hapa, mama wa nyumba, usikilize, maana ni sakafu yako. Umeme unapokatika, na kwetu unakatika mara nyingi, pompe inasimama. Lakini maji hayasimami. Tuyo ya kupandisha imejaa maji, na kama mdomo wake umezama ndani ya chombo cha juu, maji yatarudi chini kwa njia ileile, yanajivuta yenyewe, mpaka mdomo upate hewa.

Pima ni maji ngapi. Akwariumu yenye urefu wa metri moja na upana wa nusu metri ina litri 5 katika kila sentimetri ya kimo. Kama mdomo umezama sentimetri 10, litri 50 zitashuka. Chombo cha chini kikiwa kimejaa, litri 50 zitakuwa kwenye kapeti saa nane ya usiku, na watoto wamelala chini.

Dawa yake ni hizi tatu. Kwanza, mdomo wa juu usizame zaidi ya sentimetri moja au mbili. Pili, toboa kitundu cha milimetri 5 katika tuyo, chini kidogo ya uso wa maji, ili hewa iingie upesi, na ukisafishe kila juma, maana majani ya maji na konokono wanakiziba. Tatu, acha nafasi ya kutosha katika chombo cha chini. Usitegemee klapeti peke yake. Uchafu kidogo ukikaa ndani yake, haifungi tena.

Kuko hatari ya pili: tuyo ya kushusha ikizibika, pompe itaendelea kupandisha mpaka juu kufurike. Kwa hiyo sehemu ya pompe katika chombo cha chini isiwe na maji mengi kuliko nafasi iliyobaki juu.

Siku ya kumaliza kazi, mbele ya kupokea malipo, zima pompe kwa mkono wako mwenyewe na usimame hapo. Ngoja mpaka maji yatulie. Kama sakafu ni kavu, washa tena, ziba tuyo ya kushusha, na ungoje tena. Fundi asiyefanya hivyo anamwachia mteja wake kufanya majaribio usiku.

Tena, waya wa pompe upinde kwenda chini mbele ya kufika kwenye prize, ili tone la maji lidondoke chini na lisiingie kwenye umeme. Na mtoto asitie mkono ndani ya maji kama pompe haijaondolewa kwenye prize.

SHABA SI KWA SAMAKI

Mkoa wetu uliitwa Shaba tangu 1971 mpaka 1997, na jamaa nyingi zinakula kwa sababu ya shaba. Matuyo ya shaba yanapatikana kwetu kuliko mahali pengine. Lakini ndani ya akwariumu shaba ni sumu. Kidogo tu kinaua konokono na kamba wadogo, na kikizidi kinaua samaki. Tuyo ya chuma iliyopakwa zinki nayo si nzuri. Tumia plastiki kwa tuyo, kwa viungo na kwa vane.

Jambo lingine, na hili ni zito kuliko samaki: pipa au tuyo iliyotoka mgodini, iliyobeba asidi au dawa za kusafishia mawe, usiitumie, hata kama umepewa bure. Usiitumie kwa samaki, wala kwa maji ya kunywa, hata ukiiosha mara saba. Baba, usilete kitu hicho nyumbani kwa watoto wako.

HATA KWA MAJI YA NYUMBA

Msomaji asiye na akwariumu asifikiri kwamba amesoma bure. Jamaa nyingi zimechimba kisima na kupandisha maji kwenye tangi juu ya mnara. Hesabu ni ileile: urefu unaoonekana, urefu usioonekana, na wingi wa maji unaoutaka. Kama tangi linajaa polepole mno, usikimbilie pompe kubwa. Pima tuyo, hesabu kona, angalia kama vane yote imefunguka.

Kwa wale wanaotumia pano za jua na bateri, jambo hili ni pesa ya kila siku. Pompe ya wati 40 inayofanya kazi saa 24 inakula wati-saa 960. Kama tuyo pana inakuruhusu kutumia pompe ya wati 20, unakula 480. Nusu ya bateri imebaki kwa taa ya watoto kusomea.

KILE KINACHOFIKA MEZANI

Wapendwa, mimi ni mchungaji, siwezi kuacha tuyo bila kusema neno kwa nyumba zetu.

Katika kambi zetu mara nyingi nasikia mabishano juu ya mshahara. Mama anasema: "Pesa haifike." Baba anaonyesha karatasi ya malipo: "Angalia namba hii!" Wote wawili wanasema kweli. Namba iko kwenye karatasi kama ile ya kwenye katoni. Lakini kati ya karatasi na meza ya chakula kuko kona: kona ya deni la riba, kona ya baa, kona ya marafiki wa siku ya malipo, kona ya nyumba ya pili isiyotajwa. Kila kona inakula. Baba anatafuta kazi ya usiku, anaongeza pompe, na mwili wake unachoka, lakini tuyo imebaki nyembamba.

Muketi pamoja, baba na mama, na karatasi na bic. Muandike kinachotoka mgodini na kinachofika mezani. Tofauti mutaiona wenyewe. Halafu munyooshe kona moja mwezi huu, na nyingine mwezi ujao.

Na wewe kijana, ukipata kazi ya akwariumu au ya tangi, usione haya kuja na rula, ndoo na saa. Mteja anayekuona ukipima atakuamini, na samaki wake wakiishi atakutafutia mteja mwingine. Kazi ya mikono iliyo safi ni ushuhuda mbele ya watu wasioingia kanisani.

Zoezi la kikundi cha vijana: Akwariumu ina litri 400, na mwenyewe anataka maji yazunguke mara nne kwa saa. Yatafutwe litri ngapi kwa saa, na tuyo ya kupandisha iwe ya upana gani? Jibu: litri 1,600, na tuyo ya milimetri 32. Anayejibu 25 arudie kusoma kanuni. Anayejibu 20 asiruhusiwe bado kugusa akwariumu ya mtu.

Mungu azibariki kazi za mikono yenu.